Unajitengenezea Lisp? Panga stringi na komenti mapema

Wengi tukianza Lisp yetu (lugha ya programu inayoandikwa kwa mabano) tunakimbilia mabano na eval, ile sehemu inayoendesha kodi; stringi (maandishi ndani ya `"`) na komenti (maelezo yasiyoendeshwa) zinaachwa mwisho eti kazi ndogo. Zote mbili ni kazi ya rida, yaani ile sehemu inayosoma faili, kwa hiyo zipange pamoja.

1. Stringi. Ukikuta `"` soma herufi mojamoja mpaka `"` ya kufunga. Humo ndani `;`, ambayo kwingine inaanzisha komenti, ni herufi tu, `"chai;maziwa"` isikatwe, ndo maana usifute komenti kabla ya kusoma.

2. Baksilashi (`\`). Kwenye Common Lisp, moja ya Lisp zilizopo kama Clojure na Scheme, inamaanisha tu herufi inayofuata ichukuliwe ilivyo, so `"a\nb"` inakupa `anb`. Clojure na Scheme kwenye `\n` wanaweka mstari mpya, na mi ningefuata hao, watu washazoea. Ukikuta `\q` usiyoijua toa era, usinyamaze.

3. `;` Ruka hadi mwisho wa mstari, au mwisho wa faili.

4. Bloku `#| |#`, yaani komenti ya mistari mingi. Weka kaunta: `#|` ongeza moja, `|#` punguza moja, ikifika sifuri umetoka. Bila kaunta, ukizima kipande cha kodi (ukikigeuza komenti) chenye bloku nyingine ndani, ile ya ndani itafunga ya nje. Faili ikiisha kaunta haijafika sifuri, era itaje mstari bloku ilipofunguliwa, maana kumwambia mtu "mstari wa mwisho" hakumsaidii kitu.

5. Kuzima fomu moja, yaani kipande kimoja kamili kama namba, jina au mabano na vilivyomo. Hapa ndo patamu. Scheme ya R7RS (toleo la kiwango chake, 2013) ina `#;`, Clojure ina `#_`. Rida inasoma fomu nzima inayofuata, inaitupa, inaendelea. Mtego ni kurudisha nil (thamani ya "hakuna kitu"): `(+ 1 #;2 3)` lazima ibaki `(+ 1 3)`, ukirudisha nil inakuwa `(+ 1 nil 3)` na hesabu inalipuka. Common Lisp wamelitatua vizuri, rida makro yao (kazi ambayo rida inaiita ikikuta herufi fulani) inaruhusiwa kutorudisha thamani yoyote kabisa. `(comment ...)` ya Clojure ni makro ya kawaida, inafanya kazi baada ya rida kumaliza kusoma, na inarudisha nil, kwa hiyo usiiweke katikati ya hesabu. Na kumbuka fomu inayotupwa bado inasomwa, stringi isiyofungwa humo itakuharibia.

6. Jaribu. `(a #;b)` ibaki `(a)`. `(a #;)` itoe era. `(#;#;a b c)` ibaki `(c)`, na kama rida yako inajiita yenyewe kusoma fomu inayofuata hii utaipata bure, huandiki chochote cha ziada.