Kuchagua malazi ya Walt Disney World kwa ukoo mzima: anza na milango na mabafu

Ukitafuta mtandaoni malazi ya Orlando, mji wa Florida ulio jirani na Walt Disney World, na kuandika watu tisa, utaletewa orodha ndefu ya vyumba na nyumba "zinazolaza watu tisa". Hesabu hiyo imejumlisha kila kochi linalokunjuliwa kuwa kitanda. Haijui kwamba mmoja wa hao tisa ni mama mkwe wa mwingine, kwamba Babu huamka alfajiri kuswali, wala kwamba binti wa miaka 13 hatakubali kubadili nguo sebuleni mbele ya wajomba.

Kazi yangu ni kupangia familia za Afrika Mashariki safari za Florida. Mara nyingi huyu anatoka Minneapolis na watoto, yule Dallas, na wazazi wanatua kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Nimeshaona familia zikivumilia foleni na jua kali bila kugombana, kisha zikashikana mashati kwa sababu ya bafu moja. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ndani ya chumba, bei inakuja baadaye.

Hatua ya 1: Andika nani analala na nani

Chukua karatasi. Usiandike "watu wazima sita, watoto watatu". Andika majina, kisha uyapange kwa vyumba. Tuchukue familia hii: Bibi na Babu; binti yao, mumewe na mtoto wa miaka 2; mtoto wao wa kiume, mkewe na mabinti wawili, wa miaka 13 na 9. Ni watu tisa.

Sasa andika nani hawezi kulala wapi. Kwa jamii zetu nyingi mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe, na kwa nyingine hawalali hata chini ya paa moja. Waulize wazee wenyewe mapema, tena kwa simu, si kwenye kundi la WhatsApp ambako hakuna atakayesema ukweli. Ukimpa mume wa binti kochi la sebuleni, Bibi akitoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta maji ya dawa atamkuta mkwewe amelala mbele ya friji. Bibi hatasema neno. Kesho yake atakaa na kiu hadi kila mtu aamke.

Jambo moja la kukupunguzia hesabu: katika hoteli za Disney, mtoto mchanga ambaye hajafikisha miaka 3 na analala kwenye kitanda chake kidogo hahesabiwi kwenye idadi ya chumba, na hoteli hutoa kitanda hicho bure. Kuingia bustani za burudani za Disney pia hahitaji tiketi. Kwa hiyo familia yetu ya watu tisa ni wanane machoni pa hoteli.

Hatua ya 2: Hesabu mabafu, halafu milango

Piga hesabu ya asubuhi. Watu tisa, dakika 15 kila mmoja, bafu moja: ni saa mbili na robo. Mabafu matatu: dakika 45. Wageni wa hoteli za Disney wanaruhusiwa kuingia bustanini dakika 30 kabla ya watu wengine, na nusu saa hiyo ni dhahabu kwa familia kubwa. Inapotea yote mlangoni pa bafu.

Kwa kipimo hicho, malazi ya Disney yenyewe yanajipanga hivi.

Art of Animation, hoteli ya daraja la bei nafuu iliyofunguliwa 2012, ina vyumba vya familia vya watu sita. Kila kimoja kina mabafu mawili, chumba cha kulala chenye mlango, na sebule yenye kochi la kukunjua na meza inayogeuzwa kitanda. Kuna friji ndogo na mikrowevu, lakini hakuna jiko. All-Star Music wana vyumba vinavyofanana na hivyo. Vyumba viwili vya namna hii vinabeba watu kumi na wawili kwa mabafu manne, na wakwe wanatenganishwa na ukuta mzima. Kwa familia nyingi ninazohudumia hili ndilo jibu, hata kama si la kifahari.

Vibanda vya Fort Wilderness, vilivyojengwa upya na kuanza kupokea wageni 2024, vinalaza sita na vina jiko kamili, ila bafu ni moja. Nawapa wazazi na watoto wao tu. Port Orleans Riverside ina vyumba vya watu watano ambapo wa tano ni mtoto kwenye kitanda kidogo cha kushusha ukutani; usimlaze mtu mzima pale.

Halafu kuna vila za vyumba viwili, zenye jiko kamili, mashine ya kufulia na ya kukaushia. Hapa chunguza sana. Vila nyingi za vyumba viwili zina mabafu mawili, kwa hiyo aliyelala sebuleni anategemea bafu la wenzake. Kidani Village kule Animal Kingdom Lodge, na Bay Lake Tower iliyo jirani na bustani ya Magic Kingdom, zina mabafu matatu, na la tatu linaingilika bila kupita chumbani kwa mtu. Zote mbili zinapokea watu tisa. Kwa familia ya mfano wetu ningechukua Kidani: Bibi na Babu chumba kikuu, mabinti na mama wote wawili chumba cha pili, na wanaume sebuleni, ikiwa Bibi ameridhia kumkuta mkwewe hapo. Wakwe wasioweza kukaa paa moja, hata mabafu kumi hayawasaidii. Rudi kwenye vyumba viwili vya Art of Animation.

Uliza pia kama chumba cha pili cha vila kina mlango wake wa kutokea koridoni. Baadhi vina mlango huo, pamoja na friji na mikrowevu ya pembeni, na mzee anayeamka mapema anatoka kutembea bila kumwamsha mtu. Ila vingi vya aina hiyo vina kitanda kimoja kikubwa na kochi, wakati vile visivyo na mlango wa nje huwa na vitanda viwili vikubwa.

Kuhusu vyumba vinavyotazama wanyama pale Animal Kingdom Lodge: kama wajukuu wamezaliwa Marekani na hawajawahi kuona twiga, lipieni, watakumbuka maisha yao yote. Mliotoka Arusha juzi, chukueni chumba cha kawaida. Wanyama wale wale wanaonekana bure kutoka sehemu za wazi za hoteli.

Old Key West, vila za kwanza za Disney Vacation Club (mpango ambao wanachama hununua pointi za kulala kwenye vila za Disney), za mwaka 1991, ni pana na tulivu. Lakini majengo karibu yote hayana lifti. Ukiwa na mzee wa magoti, omba ghorofa ya chini au moja ya majengo machache yenye lifti.

Hatua ya 3: Kama ni vyumba viwili, pata mlango wa katikati

Vyumba vilivyo jirani na vyumba vilivyounganishwa kwa mlango wa ndani ni vitu viwili tofauti. Piga simu, taja kwamba unataka mlango wa ndani, toa namba za hifadhi (booking) zote mbili ziunganishwe, na uombe jambo hilo liandikwe kwenye hifadhi. Kila chumba lazima kiwe na mtu wa miaka 18 au zaidi. Na angalia bei: katika vyumba vya kawaida, mtu mzima wa tatu na kuendelea huongezewa malipo kila usiku. Ukigawa wazee na vijana vizuri kati ya vyumba, nyongeza hiyo inapungua au inaisha kabisa.

Hatua ya 4: Linganisha na nyumba ya Kissimmee, kwa bei kamili

Mkifika kumi na wawili au zaidi, nyumba ya kupanga ya Kissimmee, mji jirani na Disney, yenye vyumba vitano au sita ndiyo inayokaa vizuri. Kuna jiko la kupikia pilau ya watu wote, bwawa la nyuma ya nyumba ambako kina mama wanaojisitiri wanaogelea bila macho ya wageni, na kila familia ina mlango wake.

Tatizo ni bei ya kwanza unayoonyeshwa. Tuseme nyumba ni dola 300 kwa usiku, kwa usiku sita: 1,800. Ada ya usafi 250. Kodi za wilaya ya Osceola, ambako Kissimmee iko, ni asilimia 13.5, na zinatozwa juu ya vyote viwili: dola 276.75. Umefika 2,326.75 kabla ya ada ya tovuti, na kabla ya kupasha joto maji ya bwawa, ambayo wenye nyumba wengi hutoza kwa siku na ambayo mtayahitaji kati ya Desemba na Februari. Kisha magari: watu kumi na wawili ni magari mawili, na kuegesha kwenye bustani za Disney, tuseme dola 30 kwa gari kwa siku. Siku nne, 240. Aliyelala hoteli ya Disney haegeshi kwa malipo hotelini wala bustanini, na mabasi ni bure. Gawanya jumla kwa vichwa na kwa usiku, ndipo ulinganishe.

Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 kurudi chini awe kwenye kiti chake cha gari. Viweke kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Pima mwendo wa wazee

Kidani iko mbali na Magic Kingdom na usafiri wake ni basi pekee, ambamo huenda mkalazimika kukunja kigari cha mtoto. Art of Animation ina vibanda vya Skyliner vinavyopita hewani kwa waya hadi bustani za EPCOT na Hollywood Studios. Kigari au kiti cha magurudumu kinaingia bila kukunjwa, ila husimama kukiwa na radi, na mchana wa Agosti radi ni jambo la kawaida. Kutoka Bay Lake Tower mnakwenda Magic Kingdom kwa miguu, na Bibi akichoka saa saba mchana anarudi kulala. Mnaotoka Kissimmee mnaegesha mbali na lango la Magic Kingdom, kisha mnapanda treni au feri. Kwa mzee, hiyo ni safari nyingine nzima.

Hatua ya 6: Tarehe na hifadhi

Likizo ya Agosti ya Kenya inatusaidia: watoto wa Florida hurudi shule katikati ya mwezi huo, na bei hushuka. Kuna joto na mvua za jioni. Mwanzo wa Desemba pia ni pazuri. Krismasi hadi mwaka mpya ni ghali kuliko wakati wowote.

Vila zinaweza kupatikana kwa bei ya chini kwa kukodi pointi za wanachama wa Disney Vacation Club. Mwanachama huhifadhi miezi 11 kabla pale alipo na umiliki, na miezi 7 kabla kwingineko, kwa hiyo vila za vyumba viwili tafuta mwenye pointi za hapo hapo. Andikiana mkataba. Kwa kawaida hakuna kurudishiwa pesa, hivyo usilipe kabla wazazi hawajapata viza. Ukishapewa namba ya hifadhi, iingize kwenye akaunti yako mwenyewe ya Disney uone jina na tarehe kabla ya kumaliza malipo.

Hatua ya 7: Mchango

Wazee hawachangishwi, na mtoto wa miaka 2 hahesabiwi. Anayechukua chumba kikuu kwa ajili ya familia yake alipe zaidi. Ikiwa kimepewa Bibi na Babu, gharama yake igawanywe kwa wote. Mtu mmoja ashike kadi, mwingine ashike daftari, na mchango wa mwisho ufungwe wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kughairi bila hasara.

Vila hufunguliwa saa kumi jioni, vyumba vya kawaida saa tisa. Wazazi wanaotua asubuhi baada ya safari ndefu kutoka Nairobi wasisubiri kwenye viti vya mapokezi: wahifadhie usiku mmoja wa ziada, kuanzia jana yake, na uwaarifu hoteli kwamba mtachelewa kufika.