Kufuatilia ishara ya neva ndani ya ganglia za simpathetiki

Chukua karatasi na penseli, maana somo hili ni la kuchora. Simpathetiki ni sehemu ya mfumo wa neva inayouandaa mwili kwa hatari; ganglia ni vifundo vya seli za neva vilivyo nje ya ubongo na ugwe mgongo. Swali la kulishika njia nzima ni moja: ishara inahama wapi kutoka nyuroni (seli ya neva) moja kwenda nyingine?

Hatua ya 1. Anzia kwenye ugwe mgongo. Nyuroni ya kwanza inakaa kwenye pembe ya ubavuni, kuanzia T1 (sehemu ya kwanza ya kifua) hadi L2 (ya pili ya kiuno) hivi. Ukianzia shingoni, futa.

Hatua ya 2. Utoe uzi wake kwa mzizi wa mbele, upite tawi jeupe hadi kwenye mnyororo wa ganglia kando ya uti wa mgongo. Weupe huo ni wa mayelini, ala ya mafuta inayouzunguka uzi.

Hatua ya 3. Hapa wanafunzi wangu wengi huteleza: wakiona ganglia tu, wanachora sinapsi, yaani mahali ishara inaporukia seli nyingine. Uzi una hiari. Unaweza kukutana na nyuroni ya pili papo hapo, au ukapanda au kushuka mnyororo kwanza. Wa mboni ya jicho, kwa mfano, hupanda hadi ganglia ya juu ya shingo. Au unapita bila kusimama, uelekee ganglia zilizo mbele ya aota tumboni. Wa tezi ya adrenali haukutani na nyuroni ya pili kabisa. Unaishia kwenye seli za kiini cha tezi, nazo humwaga adrenalini kwenye damu.

Mwaka 1889 wanafiziolojia Langley na Dickinson walithibitisha kwamba uzi wa mboni hukutana na nyuroni ya pili kwenye ganglia hiyo ya shingo, kwa ujanja ninaoupenda mno. Walipaka nikotini kwenye ganglia ya juu ya shingo ya mnyama. Wakaisisimua neva chini ya ganglia: mboni kimya. Wakasisimua nyuzi zinazotoka juu yake: mboni ikapanuka. Kwa hiyo kilichozibwa ni sinapsi, nyuzi zenyewe zilikuwa nzima.

Hatua ya 4. Ingia ndani ya sinapsi. Ishara ikifika mwisho wa uzi, kalsiamu huingia na vifuko humwaga asetilikolini, kemikali ya kupitisha ishara. Hiyo hushika vipokezi vya nikotini (protini za kupokea ishara, zilizoitwa hivyo kwa kuwa nikotini nayo huzishika), sodiamu ikaingia, na nyuroni ya pili ikawaka ndani ya milisekunde chache. Vipo pia vipokezi vya muskarini, vya taratibu: hufunga milango ya potasiamu na kuiacha nyuroni ikiwa nyepesi kusisimka. Uzi mmoja unaotoka kwenye ugwe huamsha nyuroni nyingi. Ndiyo maana ishara husambaa.

Hatua ya 5. Toa uzi wa pili. Wa ngozini hurudi kwenye neva ya mgongo kwa tawi la kijivu, bila mayelini. Wa jichoni hufuata ukuta wa ateri. Mwishoni humwaga noradrenalini, isipokuwa kwenye tezi nyingi za jasho, ambako ni asetilikolini tena.

Sasa weka nukta nyekundu penye sinapsi. Ya mboni iwe shingoni. Ya adrenali iwe juu ya seli za tezi. Ikiwa hii ya adrenali umeiweka kwenye mnyororo, rudi hatua ya 3.