Gari kuukuu na taimingi: kagua mkanda kabla ya kugusa distribyuta

Ukiwa ughaibuni na gari ulilolinunua likiwa limeshatembea sana, siku likianza kumisi, kukosa nguvu mlimani au kulipuka kwenye eksozi, usikimbilie kulegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Kwenye injini nyingi za zamani zenye mkanda wa taimingi, distribyuta huendeshwa na kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), na kamshafti huendeshwa na mkanda huo. Mkanda ukiruka jino moja, moto wa plagi nao unahama. Utazungusha distribyuta hadi mwisho, gari linaweza hata kutulia kidogo, lakini valvu bado zinafunguka nje ya wakati na nguvu hairudi.

Injini ikizima ghafla barabarani, halafu starta ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha ufunguo hapo hapo. Huenda mkanda umekatika. Kuna injini ambazo valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu. Hizo, kila ukipiga starta unaweza kupinda valvu nyingine. Weka gia huru, chomoa waya wa betri, toa plagi, kisha zungusha taratibu kwa spana kwenye bolti ya puli ya chini, upande uleule injini inakozungukia. Mwenzako achungulie kamshafti kwenye tundu la kujazia oili. Chini kukizunguka na juu kukitulia, jibu umelipata. Spana ikikwama, usilazimishe.

Kama juu kunazunguka, fungua kava la mkanda, leta pistoni ya silinda namba 1 juu kabisa, alama ya puli ikae kwenye 0, kisha tazama alama ya kamshafti. Hapa wengi huchanganyikiwa: krankshafti, yaani shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, huzunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1. Alama ya juu ikiwa upande wa pili kabisa, ongeza mzunguko mmoja kamili wa chini kabla ya kulaumu mkanda. Ikipishana kwa jino moja au mawili, mkanda umeruka.

Alama zikikubaliana, sasa nenda kwenye moto wa plagi. Injini ipate joto, saileni (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) iwe ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, taa ya taimingi, inayomulika alama ya puli kila plagi inapowasha, ifungwe kwenye waya wa plagi namba 1. Injini nyingi zenye mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye distribyuta hutaka uchomolewe na kuzibwa kwanza. Moto ukiwahi, injini hugonga ukikanyaga mafuta. Ukichelewa, gari huwa zito, hula mafuta na kuchemka. Kugonga kunaweza pia kuletwa na petroli: oktani (uwezo wa petroli kustahimili kugonga) 87 ya pampu za Marekani ni karibu sawa na 91 kwa kipimo cha Ulaya, kwa hiyo usilinganishe namba tupu.

Mita za Marekani na Uingereza husoma maili, na maili 60,000 ni kama kilomita 96,500, umri ambao mikanda mingi ya zamani hutakiwa kubadilishwa. Miaka nayo huhesabiwa, hata gari likiwa limekaa tu. Muuzaji asipokuwa na risiti ya mkanda, chukulia haujawahi kubadilishwa. Fundi akilipwa kwa saa, mwambie abadilishe pamoja na tenshena (kikaza mkanda), sili za oili na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo, maana kazi ya kufungua ni ileile. Akimaliza, azungushe injini kwa mkono mizunguko 2 kamili na alama zirudi mahali pake kabla hajagusa starta.