Somo: Kupima mchango wa mabaharia katika kuiokoa manowari iliyopigwa

Vijana wengi wa kundi letu hapa Kisumu wanaojiandaa kwa kazi ya majini hudhani kwamba manowari huokolewa na unene wa chuma chake na wingi wa pampu zake. Sikubaliani nao, na somo hili linaeleza namna ya kupima sehemu ya binadamu.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha. Andika yote ambayo meli hujifanyia yenyewe, kisha yatakayobaki uyahesabu kuwa ni ya mabaharia. Mnamo Aprili 14, 1988, manowari ya Marekani USS Samuel B. Roberts iligonga bomu lililotegwa katika Ghuba ya Uajemi, mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, ukavunjika na chumba cha mitambo kikajaa maji, lakini mabaharia walihangaika kwa saa kadhaa, wakakaza nyufa kwa nyaya za chuma, na hakufa hata mmoja wao.

Hatua ya pili ni kupima kwa namba. Juzi tulijaza pipa la lita 200 na kulitoboa tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde ishirini hivi. Kijana wa kwanza aligongomea kizibo cha mti kikavu, maji yakaendelea kuruka pembeni. Wa pili alikizungushia kitambaa kwanza, akakigonga mara mbili, na baada ya dakika kumi maji hayakufika robo ya ndoo. Tofauti hiyo ndiyo mchango wenyewe. Pima pia muda kutoka king'ora hadi taarifa ya kwanza, na kutoka taarifa hadi maji kuufikia moto.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kumwondoa aliye hodari na kurudia zoezi. Kwenye USS Forrestal, manowari ya Marekani ya kubebea ndege, Julai 29, 1967, kikosi kilichofunzwa kuzima moto kiliuawa na mabomu yaliyolipuka mapema, na waliokuja nyuma yao walimwaga maji yaliyosafisha povu la kuzimia moto lililokwisha kumwagwa. Walikufa watu 134.

Mwisho, hesabu pia maji ya kuzimia moto, kwa maana kila mita ya ujazo ni tani moja inayoweza kuilaza meli ubavu.

Swali, kutoka Mbita: Shikamoo mwalimu. Meli ikizama, mabaharia wapewe sifuri?

Jibu: Marahaba. La, hasha. HMS Sheffield ya Uingereza ilipopigwa kwa kombora Mei 4, 1982, bomba kuu la maji ya kuzimia moto lilipasuka, kwa hiyo wapime kwa vifaa vilivyobaki mikononi mwao na kwa muda waliowapatia wenzao wa kutoka.

Swali, kutoka Homa Bay: Zoezi lifanywe lini?

Jibu: Lifanywe bila kuwatangazia, hata meli ikiwa gatini. Manowari ya Marekani USS Bonhomme Richard iliungua San Diego Jumapili ya Julai 12, 2020, ikiwa katika matengenezo, na kitufe cha kumwaga povu la kuzimia moto hakikubonyezwa. Wapime wale wale walio zamu siku hiyo, na umwulize kila mmoja akuonyeshe kitufe kilipo.