Kuipima hisa ya Safaricom kwa wastani wa siku 200

Mtu akikuuliza kama hisa ya Safaricom iko juu au iko chini, mwulize kwanza: ukilinganisha na nini? Wengi hulinganisha na bei waliyonunulia wao. Wengine bado wanaishi na ile shilingi 5 ya mwaka 2008, hisa zilipouzwa kwa umma na nusu ya Nairobi ikapanga foleni. Wengine hawajasahau Agosti 2021, ilipouzwa kwa zaidi ya shilingi 43. Soko halizijui bei hizo tatu. Ni kumbukumbu zetu tu.

Kipimo ninachokitumia mimi ni wastani wa bei za kufunga, yaani bei rasmi ya mwisho wa kila siku, za siku 200 za biashara. Kwa kuwa soko la hisa la Nairobi hufanya kazi takriban siku 250 kwa mwaka, siku 200 ni kama miezi kumi. Wastani huo unakupa, kwa makadirio, bei ambayo watu waliinunulia hisa hii katika kipindi hicho. Bei ya leo ikiwa juu ya wastani, wengi walioingia ndani ya miezi hiyo kumi wako kwenye faida na hawana haraka ya kuuza. Ikiwa chini, wengi wako kwenye hasara, na kila bei ikipanda kidogo utawaona wakijitokeza kuuza ili angalau warudishe mtaji.

Hatua ya 1: Hakikisha hisa yenyewe inauzwa kila siku

Hapa ndipo ukubwa wa kampuni unapokuwa na maana. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40, na robo yake iko mikononi mwa umma na mifuko ya uwekezaji. Kila siku kuna wanunuzi na wauzaji. Kwenye soko hilohilo kuna kampuni ambazo hisa zao hukaa siku kadhaa bila hata moja kubadilisha mikono. Bei inabaki palepale kwa sababu hakuna aliyeuza, si kwa sababu watu wamekubaliana. Wastani wa namna hiyo utachora mstari mnyoofu, mzuri kwa macho, lakini hauna habari yoyote ndani yake. Hisa za hivyo zipime kwa vitabu vya hesabu peke yake.

Hatua ya 2: Kusanya bei za kufunga

Unahitaji safu mbili tu kwenye Excel au Google Sheets: tarehe safu ya A, bei ya kufunga safu ya B, siku ya zamani kabisa ikiwa juu. Chukua angalau miaka mitatu. Sikukuu na wikendi usizijaze kwa bei ya jana, ziruke. Hakikisha pia unachukua bei rasmi ya kufunga, si bei ya muamala wa mwisho ambayo baadhi ya programu za simu huonyesha.

Kama unapima kampuni nyingine, angalia iwapo iliwahi kugawanya hisa zake. Benki ya Equity ilipogawanya hisa moja kuwa kumi mwaka 2009, bei ilishuka mara kumi kwa siku moja bila mwenye hisa kupoteza hata senti. Usiporekebisha bei za zamani kwa kuzigawa kwa kumi, wastani wako utakupigia kelele ya hasara ambayo haipo. Safaricom haijawahi kugawanya hisa tangu iingie sokoni Juni 2008, kwa hiyo hapo umepona.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Ikiwa mstari wa kwanza ni vichwa vya safu, bei yako ya 200 iko kwenye B201. Andika kwenye C201:

=AVERAGE(B2:B201)

Kisha iburute fomula hiyo hadi chini. Kila mstari utaongeza bei mpya na kuiacha ya zamani kabisa. Chora safu B na C kwenye grafu moja. Kazi imeisha, na hukulipia mtambo wa mtu yeyote.

Hatua ya 4: Itazame bei inayotoka, si inayoingia tu

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na ndipo ningependa utulie. Kila siku wastani hubadilika kwa kiasi hiki: bei ya leo, toa bei ya siku 200 zilizopita, gawa kwa 200. Hakuna kingine.

Chukua mfano. Hisa imefunga 18, na bei inayotoka kwenye hesabu leo ni 26. Tofauti ni hasi 8, ukigawa kwa 200 wastani unashuka senti 4. Kesho bei inapanda hadi 19, watu wanashangilia, lakini bei inayotoka bado ni 26. Wastani unashuka tena, safari hii senti tatu na nusu. Sasa sogea mbele miezi michache. Bei imerudi 18 na imeganda hapo wiki nzima, ila zinazotoka sasa ni siku ambazo hisa iliuzwa 15. Wastani unaanza kupanda senti moja na nusu kila siku, ingawa sokoni hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo ukisikia mchambuzi anasema "wastani wa siku 200 umegeuka na kuanza kupanda", amekwambia kitu kimoja tu: bei ya leo iko juu ya bei ya miezi kumi iliyopita. Ni habari ya kweli, lakini ni ndogo kuliko inavyosikika. Mimi huongeza safu ya D inayoonyesha bei zitakazotoka ndani ya siku 30 zijazo. Zikiwa kubwa kuliko bei ya leo, najua mstari utaendelea kuinama hata hisa ikitulia, na sishtuki.

Hatua ya 5: Weka kanuni na uisome mara moja kwa mwezi

Kanuni yangu ni hii. Siku ya mwisho ya biashara ya kila mwezi naangalia bei ya kufunga. Ikiwa juu ya wastani kwa zaidi ya asilimia 3, hisa iko katika mwendo wa kupanda. Ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 3, iko katika mwendo wa kushuka. Katikati ya hapo, jibu la mwezi uliopita linabaki.

Ukanda huo wa asilimia 3 haukushuka kutoka mbinguni. Unaweza kuweka 2 au 4. Kazi yake ni kukukinga na ada. Tuseme umenunua kwa 27 bei ilipokata mstari kwenda juu, wiki mbili baadaye ikaukata kwenda chini ukauza kwa 26. Umepoteza shilingi 1 kwenye bei. Dalali wako akikata asilimia 2 kila upande, hiyo ni senti 54 ukiingia na senti 52 ukitoka. Jumla shilingi 2 na senti 6 kwa hisa, zaidi ya asilimia 7 ya mtaji wako, kwa safari ambayo bei yenyewe haikusogea hata asilimia 4. Fanya hivyo mara tatu kwa mwaka uone nani anatajirika.

Sasa ipime kanuni hiyo kwa historia. Mwisho wa 2021 Safaricom ilifunga karibu shilingi 38, ilhali kwa sehemu kubwa ya mwaka ilikuwa imeuzwa kwa bei ya juu kuliko hiyo. Bei ilikuwa tayari chini ya wastani wake. Mwisho wa 2022 ilikuwa karibu 24. Mwisho wa 2023, karibu 14. Aliyefuata mstari hakuuza kileleni, maana mstari huu haujui kilele, lakini aliondoka kabla ya karibu theluthi mbili ya thamani kuyeyuka. Upande wa pili, soko linapoyumba bila mwelekeo kanuni hii hukuchosha: inakwambia ingia, toka, ingia. Huo ndio udhaifu wake na hauna dawa, ukanda unaupunguza tu.

Kuhusu ule unaoitwa msalaba wa dhahabu, yaani wastani wa siku 50 kuupita ule wa siku 200 kwenda juu: siutumii. Unapotokea, bei huwa imeshatembea mbali, na unafaa zaidi kwa vichwa vya habari.

Hatua ya 6: Rekebisha mgao wa faida

Safaricom hulipa mgao mara mbili, wa muda karibu na Machi na wa mwisho karibu na Agosti. Kwa mwaka uliofungwa Machi 2024 ulikuwa senti 55 na senti 65. Siku ambayo mnunuzi mpya hapati tena mgao huo, ambayo hutangulia kidogo tarehe ya kufungwa daftari la wanahisa, bei hushuka kwa takriban kiasi hichohicho.

Fikiria hisa iko 15, wastani ni 14.80. Mgao wa senti 65 unatoka, bei inakuwa 14.35. Ghafla uko chini ya wastani kwa asilimia 3 na kidogo, nje ya ukanda wako, na kanuni inakwambia uuze. Lakini mwenye hisa hajapoteza kitu, senti zake 65 ziko njiani. Dawa ni kugawa 14.35 kwa 15, upate 0.957, kisha uzidishe bei zote za kabla ya siku hiyo kwa namba hiyo. Wastani unashuka hadi 14.16, na hisa inabaki juu yake kama ilivyokuwa jana. Kwa kampuni isiyolipa mgao mkubwa unaweza kupuuza hatua hii. Kwa Safaricom, usiipuuze.

Hatua ya 7: Fungua vitabu

Mstari unaeleza walionunua na kuuza, hauielezi kampuni. Kati ya 2022 na 2024 mapato ya M-Pesa yalipanda kila mwaka wa fedha: takriban shilingi bilioni 108, kisha 117, kisha 140. Hisa ilikuwa inaporomoka muda huohuo. Sababu zilikuwa nje ya M-Pesa: gharama za kuanzisha mtandao Ethiopia, ulikozinduliwa rasmi Oktoba 2022, wawekezaji wa nje kuuza ili warudi kwenye dola iliyokuwa na riba nzuri, na shilingi iliyofika karibu 160 kwa dola Januari 2024.

Matokeo ya mwaka hutangazwa Mei, ya nusu mwaka Novemba. Siku hizo mbili nasoma mambo manne: mapato ya M-Pesa, hasara ya Ethiopia, fedha taslimu baada ya uwekezaji, na mgao. Vitabu vikiwa vizuri na bei iko chini ya wastani, sinunui zote kwa mpigo. Naweka robo ya fedha niliyotenga, na iliyobaki nasubiri mwisho wa mwezi ambao bei itakuwa imevuka ukanda. Vitabu vikiwa vibaya huku bei ikielea juu ya wastani, siuzi siku hiyo, ila siongezi hata hisa moja, na ukanda wangu wa kutoka naupunguza kutoka asilimia 3 hadi 1.