Somo: Kwenda maonyesho ya urembo Dubai kikazi

Stoo kwangu zimesimama draya mbili za kukalia, zile zenye kofia kubwa, ambazo hazijawahi kumkausha mtu. Nilizinunua bandani Dubai safari yangu ya kwanza, jioni ya siku ya mwisho, kwa bei ya kutupa. Pale zilikuwa zinavuma vizuri tu. Kufika saluni kwangu Sinza, Dar, fundi akachomeka ya kwanza, ikanguruma kama bajaji inayopanda mlima, ikatoa moshi, ikanyamaza. Tukaigeuza. Kibao cha nyuma kimeandikwa 120V, na umeme wetu ni volti 230. Kule bandani zilichomekwa kwenye transfoma iliyowekwa chini ya meza, kitambaa cheupe kimeifunika mpaka sakafuni. Mimi sikuuliza, muuzaji naye hakusema.

Kila ikikaribia Septemba, wanachama wenye saluni mnanijia: dada, na mimi nataka kwenda, nianzie wapi? Haya. Nazungumzia Beautyworld Middle East, inayofanyika Dubai World Trade Centre siku tatu, miaka hii ikiangukia mwishoni mwa Oktoba. Naichagua kwa sababu ndiyo tunayoifikia: ndege kutoka Dar ni kama saa tano na nusu, na wengi wetu tuna ndugu au mtu wa kago Deira, mtaa wa zamani wa biashara kule Dubai. Ile ya Cosmoprof ya Bologna, Italia, ni kongwe zaidi, ipo tangu 1967, ila viza ya Ulaya ni somo lake peke yake.

Hatua ya 1: Hesabu saluni yako kabla ya kukata tiketi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo hela inapopotea. Chukua daftari, andika kwa miezi mitatu kila kitu kinachoisha: shampoo galoni ngapi, dawa ya nywele makopo mangapi, rasta pakiti ngapi, jeli ya kucha chupa ngapi. Usikadirie kwa kichwa. Mimi nilidhani natumia galoni nane za shampoo kwa mwezi, kumbe nne. Nyingine zilikuwa zinaondoka kwa miguu yao.

Namba hiyo ndiyo silaha yako ukiwa bandani. Mwenye kiwanda atakwambia anaanza kukuuzia kwenye galoni 200. Usiye na daftari utaona bei nzuri, utasaini. Mwenye daftari atagawa: 200 kwa nne ni miezi 50, miaka minne na zaidi, na shampoo yenyewe imeandikwa miaka mitatu. Yaani utamwaga mzigo wa zaidi ya mwaka mzima. Dawa yake ni kuchanga. Sisi tulijikusanya saluni tano, kila mmoja galoni 40, miezi kumi, oda ikapita kwa jina la mmoja wetu na mkataba mdogo wa maandishi kati yetu. Maandishi, jamani. Urafiki hauhesabu galoni.

Hatua ya 2: Karatasi na malazi

Jiandikishe mapema kwenye tovuti yao, kwa jina la biashara. Maonyesho haya ni ya watu wa kazi, watoto hawaingii, kwa hiyo usipange kwenda na mwanao. Beba nakala ya leseni ya biashara na kadi za kutosha zenye namba ya WhatsApp. Viza unaomba mwenyewe kupitia shirika la ndege au wakala. Beji ya maonyesho siyo viza.

Lala Deira kama unabana matumizi. Ukiwa maeneo ya Baniyas Square unapanda metro ya kijani kituo kimoja mpaka Union, unabadilisha kwenda nyekundu, unashuka World Trade Centre. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Viatu vya kisigino acha hotelini.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza mfuko ufungwe

Siku ya kwanza ni ya macho na mdomo. Ukumbi ni mkubwa na kila mlango umejaa manukato, maana Waarabu na udi wao wana sehemu pana na utavutika tu. Ramani ichukue mtandaoni usiku wa kuamkia, zungushia mabanda kumi na mawili, yasizidi. Mikasi na vifaa vya chuma nenda kwa Wapakistani, wengi wanatoka Sialkot, mji ambao kazi yake ni hiyo. Nywele za binadamu na za plastiki nenda kwa Wachina, uwaulize kama kiwanda kiko Xuchang. Vitu vya kinyozi, Waturuki.

Swali la kwanza kwa kila banda: wewe ni kiwanda au ni mfanyabiashara kama mimi? Muulize bila haya. Dalali si mtu mbaya, wakati mwingine ndiye atakayekuuzia kidogo kidogo, lakini lazima ujue unaongea na nani kabla hujaanza kubishana bei.

Hatua ya 4: Geuza kila kitu

Somo la draya. Kifaa cha umeme kigeuze usome kibao: volti 220 mpaka 240, hezi 50. Kama kinafanya kazi mezani, fuata waya kwa macho mpaka ukutani. Watakushangaa, waache washangae.

Chupa nazo zigeuze. Tafuta orodha ya viambato, namba ya toleo, jina na anwani ya aliyetengeneza, na tarehe. Ukiona kialama cha kikopo kilichofunguliwa kimeandikwa 12M, maana yake miezi 12 tangu kifunguliwe, siyo tangu kitengenezwe. Krimu ya kung'arisha ngozi yenye haidrokwinoni au zebaki usiipeleke hata kwenye mazungumzo; Tanzania na Kenya zote zimezipiga marufuku. Na ujue krimu ya zebaki mara nyingi haijiandiki kuwa ina zebaki. Inayoahidi weupe wa siku saba na haina orodha ya viambato, iache pale pale ilipo.

Hatua ya 5: Sampuli ijaribiwe usiku huo huo

Nywele nitakaa nazo kidogo kwa sababu ndizo zinazotutoa machozi. Bandani kila wigi linang'aa, limepakwa silikoni. Omba au nunua fungu moja tu. Kabla hujatoka, pitisha vidole kutoka nchani kwenda juu. Nywele zilizopangwa mwelekeo mmoja zitakukwaruza kidogo huko juu lakini hazitasokotana. Ukirudi hotelini lijaze sinki maji ya moto, tia shampoo ya kawaida, osha mara mbili, tundika bafuni. Safari moja niliosha mafungu matatu ya mabanda matatu. Asubuhi mawili yalikuwa yamekakamaa kama usumba wa nazi. La tatu, lililokuwa baya kuliko yote bandani, limekaa vile vile, linapitika na chanuo. Kata unywele mmoja, uchome nje kwenye kibiriti: wa binadamu unanuka kama unyoya wa kuku na kuwa majivu, wa plastiki unajikunja kidonge kigumu.

Siku ya pili unarudi kwenye mabanda manne yaliyobaki baada ya mchujo huo. Sasa ndiyo unazungumza bei.

Hatua ya 6: Bei siyo bei mpaka ifike Dar

Dirham imefungwa kwa dola, 3.67 na ushee kwa dola moja, kwa hiyo wasiwasi wako uwe kwa shilingi. Chukua bei ya bandani, ongeza usafirishaji wa mpaka godauni la kago, kago yenyewe, ushuru wa forodha, VAT asilimia 18, na gharama za TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Gawa kwa idadi ya chupa. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na Kariakoo. Mara kadhaa Kariakoo imenishinda, nikamshukuru muuzaji, nikaondoka na kadi yake.

Vipodozi Tanzania viko chini ya TBS tangu 2019, siyo ile taasisi ya dawa tena. Ongea nao kuhusu usajili na ukaguzi kabla mzigo haujaondoka Dubai. Mwombe muuzaji profoma, yaani ankara ya awali, yenye jina kamili la bidhaa na nyaraka za viambato. Anayesita kutoa karatasi leo, mzigo ukikwama bandarini hatapokea simu yako.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Tanga: Shikamoo dada. Mimi nina viti viwili tu vya saluni na msichana mmoja. Kweli niende Dubai, au ni kujitutumua?

Marahaba mdogo wangu. Kwa viti viwili usiende kununua, hesabu haitakubali. Anza na maonyesho ya Sabasaba pale Kilwa Road, Dar, kuanzia mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai. Yale ni ya watu wote na wengi wanauza rejareja, lakini wenye bidhaa za urembo wapo na unaweza kujizoeza kuuliza maswali ya kiwanda. Ukishazoea, changa na wenzako mtume mmoja Dubai na orodha ya wote.

Swali, kutoka Nairobi: Nimeona seti za jeli za kucha zinauzwa nusu bei, chapa za Ulaya kabisa. Nichukue?

Soma nyuma kwanza. Ukikuta Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide, kwa kifupi TPO, ujue Umoja wa Ulaya umeizuia kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025. Ni kiambato kinachosaidia jeli kukauka chini ya taa. Mzigo ambao hauwezi tena kuuzwa kwao lazima utafute pa kwenda, na mara nyingi njia inaelekea kwetu. Mimi sichukui, hata bure. Mafundi wangu wanashika hiyo jeli kutwa nzima, mteja anapaka mara moja kwa wiki tatu. Uliza jeli isiyo na TPO, viwanda vingi vinayo.

Swali, kutoka Mombasa: Asalaam aleykum. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, Kiarabu cha sala. Nitaelewana nao vipi?

Waaleykum salaam, dadangu. Wachina wengi pale wanatumia simu kutafsiri, nawe tumia. Namba andika kwenye karatasi, waonyeshe, wakikubali waandike wao, nawe ipige picha karatasi hiyo ukiwa umeishika mkononi. Na Deira hukosi Mzanzibari au mtu wa kwenu Mombasa kwenye maduka ya kago. Mlipe aje siku ya pili, siku ya bei. Siku ya kwanza humhitaji.

Swali, kutoka Mwanza: Sampuli nibebe kwenye begi la ndege au nitume kago?

Chupa ndogo zisizozidi mililita 100 begi la mkononi, zilizobaki begi la chini, kila moja isizidi nusu lita na zote kwa pamoja lita mbili. Asetoni ya galoni usiguse kabisa, inashika moto. Taa za kucha zenye betri, betri za akiba zikae begi la mkononi. Na andika kwa kalamu kwenye kila sampuli namba ya banda. Mimi nina chupa moja nzuri sana ya mafuta ya nywele, haina jina, na mpaka leo sijui nani alinipa.