Kupanga Kiwango cha Sauti Unapohamishia Kaseti na Santuri Kwenye Kompyuta

Nyumba nyingi hapa Moshi bado zina kaseti za kwaya na za harusi, na wenye nazo wanapozihamishia kwenye kompyuta huziharibu zaidi kwa kurekodi sauti kubwa kupita kiasi. Katika sauti ya kidijitali kikomo cha juu ni desibeli 0; wimbi linalofika hapo hukatwa kichwa, sauti hukwaruza, na hakuna programu inayorudisha kikamilifu kilichokatwa, ilhali sauti iliyorekodiwa chini kidogo huweza kupandishwa baadaye.

Waya wa redio kaseti uingie kwenye tundu la laini (huandikwa "line in"), si la maikrofoni, ambalo huikuza sauti mno. Kama kompyuta yako haina tundu hilo, tumia kadi ya sauti ya nje ya USB. Santuri ipitie kwanza kwenye amplifaya yenye tundu la fono, kwa kuwa sindano hutoa umeme mdogo sana, na besi, yaani sauti nzito za chini, ilipunguzwa makusudi santuri ilipochongwa, nalo tundu hilo huirudisha.

Fungua programu ya kurekodi, kwa mfano Audacity, chagua biti 24, yaani usahihi mkubwa wa kuhifadhi sauti, kisha zima marekebisho yote ya sauti yanayojiendesha yenyewe. Sasa tafuta sehemu yenye kelele kuliko zote. Usiuamini mwanzo wa wimbo, kwani kwaya zetu hupenda kuanza na mwimbaji mmoja kwa upole, kisha sauti zote nne huingia pamoja na ngoma. Mimi niliupima mwanzo tu wa kaseti aliyoimba marehemu mama yangu, nikakuta kiitikio chote kimekwaruza, na utepe ukakatika nilipourudia.

Ukiipata sehemu hiyo, rekebisha kiwango cha kuingiza sauti hadi kilele kisimame karibu na desibeli -6. Hata -12 inatosha kwa biti 24. Kupunguza sauti ya spika hakubadilishi chochote kinachorekodiwa. Kwenye santuri, mlio wa mchubuko unaweza kuruka juu kuliko muziki wenyewe, lakini pima kwa muziki.

Ukishapanga, usiguse kiwango hadi upande mzima uishe, kwa sababu wimbo wa taratibu ulikusudiwa usikike chini kuliko wa shangwe. Ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri, na usiirudishe kaseti kabatini kabla hujasikiliza faili lote kwa hedifoni.